Kolonoskopi jijini Mbeya: daktari makini, maelekezo hafifu

Kliniki ninayoitathmini hapa ni ya binafsi, ipo jijini Mbeya, na inahudumia wagonjwa wa mfumo wa chakula kwa kutumia kifaa chake yenyewe cha kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia ndani ya utumbo mpana kwa kamera. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina lawama ambazo nimekwisha kuzifikisha kwa uongozi wake. Niliyempeleka ni baba yangu mdogo, mkulima wa Tukuyu mwenye umri wa miaka 58, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akifunga choo, kisha akiharisha, kisha akifunga tena, na kila alipotoka msalani alihisi kwamba haja haikuisha. Kabla ya hapo alikuwa amemeza dawa za amiba mara nyingi, akizinunua dukani kwa kueleza tu kwamba tumbo linasumbua, na kila alipopata nafuu ya siku chache aliamini kwamba amepona.

Sifa ya kwanza ya kliniki hii ni kwamba daktari hakukimbilia mashine. Alitaka kujua choo cha mzee kilikuwaje zamani, kabla ya shida kuanza, kwa sababu watu hawafanani: yupo anayekwenda haja kubwa mara tatu kwa siku na yupo anayekwenda mara tatu kwa wiki, na wote wawili ni wazima ikiwa ndivyo walivyozoea. Kinachotakiwa kumshtua mtu ni mabadiliko ya mazoea yake mwenyewe yanayodumu wiki tatu au zaidi bila sababu inayoeleweka, na hasa yakiandamana na damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, uchovu unaotokana na upungufu wa damu, au maumivu ya tumbo yasiyokoma. Aliuliza pia kama anatumia vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa madini ya chuma hufanya choo kuwa cheusi na kumtia mtu hofu ya bure. Baba mdogo alikiri kwamba alikuwa akiona damu mara mojamoja, ila aliihesabu kuwa ya bawasiri. Jibu la daktari lilinipendeza: bawasiri anaweza kuwa nayo kweli, lakini kuwa nayo hakumkingi mtu na saratani, na damu haina alama ya kuonyesha imetoka wapi mpaka mtu achunguzwe.

Ndipo vikafuata vipimo vya wingi wa damu na vya choo, ikiwemo kutafuta mayai ya kichocho, kwani kichocho cha tumbo nacho huleta damu, na baadaye uchunguzi wa njia ya haja kubwa kwa kidole. Mzee aliona haya, jambo lisilonishangaza. Hata hivyo, aliulizwa kwanza kama anaridhia, mlango ukafungwa, na aliyemsaidia daktari alikuwa muuguzi wa kiume wa makamo aliyemwita “baba” tangu mwanzo hadi mwisho. Shughuli yenyewe iliisha haraka kuliko mabishano tuliyokuwa nayo nyumbani kuihusu.

Lawama zangu zinaanzia kwenye maandalizi. Kolonoskopi hufanywa kwa mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa ndani ya utumbo mpana, ambao urefu wake ni takribani mita moja na nusu, na utumbo usiposafishwa vizuri daktari anaweza asione kinyama kidogo, yaani kiuvimbe kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, kilichojificha nyuma ya mabaki ya chakula. Kwa hiyo maandalizi ni nusu ya kipimo. Pamoja na umuhimu huo, karatasi tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, nayo ilitaja vyakula ambavyo havionekani katika jiko lolote la Rungwe. Ingetosha kabisa kuandika kwamba siku zinazotangulia mgonjwa aache maharage, makande, ugali wa dona, mboga za majani na mapera yenye mbegu, ale wali mweupe, mayai na samaki, na kwamba siku ya mwisho abaki na vinywaji vinavyopitisha mwanga, asiguse juisi ya rozela wala kinywaji chochote chekundu, kwa kuwa rangi hiyo hudhaniwa kuwa damu.

Kubwa zaidi ni suala la safari. Dawa ya kusafisha utumbo hunywewa kwa awamu mbili, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku ya kipimo, na anayeinywa huenda msalani mfululizo kwa saa kadhaa. Aliyeandika maelekezo hayo bila shaka alimfikiria mgonjwa anayeishi Soweto au Mwanjelwa, maana hakuna mstari hata mmoja unaomwonya mtu wa Tukuyu, Kyela au Chunya kwamba hawezi kunywa awamu ya pili kwake kisha akapanda basi dogo la abiria. Kwa bahati baba mdogo alilala kwangu. Asiye na ndugu mjini inambidi apange chumba chenye choo cha ndani, na gharama hiyo iongezwe kwenye bei ya kipimo, ambayo kwa haki yao waliitaja yote mapema. Choo cha wagonjwa pale kliniki ni kimoja tu, jambo ambalo kwa huduma ya aina hii halina utetezi.

Chumba cha kipimo kilikuwa safi. Alichomwa dawa ya usingizi mwepesi, akaamka akiuliza wataanza lini, na wakakataa kumruhusu aondoke mpaka waliponiona, kwa kuwa siku hiyo hapaswi kuendesha chombo chochote. Walikuta kinyama chenye ukubwa wa zaidi ya sentimita moja, wakakiondoa papo hapo na kukipeleka maabara. Vinyama vya namna hiyo, vikiachwa, baadhi hugeuka saratani, kwa kawaida baada ya miaka mingi, na ndiyo maana kipimo hiki kinaweza kuzuia ugonjwa kabla haujaanza. Majibu yalionyesha kwamba hakikuwa na saratani, ingawa kilikuwa cha aina inayoweza kugeuka, na mzee amepangiwa kurudi baada ya miaka mitatu. Ripoti tulipewa nakala yake pamoja na picha.

Kwa mtu mwenye dalili nilizozieleza, ninaipendekeza kliniki hii, mradi apige simu mapema na kudai maelekezo ya Kiswahili kwa mdomo, na awaeleze kama ana kisukari au anatumia dawa za kuyeyusha damu. Anayetapika huku tumbo limejaa na hata hewa haitoki asisubiri miadi ya kliniki. Akimbizwe hospitali kubwa siku hiyohiyo. Jambo moja ilibidi nilidai mwenyewe tukiwa tumeshasimama kuaga: kama wadogo zake na watoto wake nao wanahusika. Daktari alirudi kwenye kiti na kueleza kwamba wanahusika, na kwamba waanze kuchunguzwa wakifika miaka 40 hata kama hawana dalili yoyote. Katika ripoti hilo halikuandikwa.