Baiskeli ya mtumba ya Kijapani: miezi 14 tangu nihamie Tanga

Baiskeli hii niliinunua wiki tatu baada ya kushuka stendi ya mabasi ya Kange na cherehani mbili, majora manne ya kitambaa na mama yangu. Mafundi wenzangu wa Kariakoo hunipigia simu kuuliza swali lile lile: "Dada, Tanga panalipa?" Na kila nikianza kujibu najikuta naeleza baiskeli kwanza. Kwa hiyo nimeona niiandike vizuri, uzuri wake na ubovu wake, na anayefikiria kuihama Dar apate humo cha kupimia.

Ni baiskeli ya kike, rangi ya maziwa, haina bomba la juu, hivyo unapanda na dera lako au buibui bila kuhangaika. Mbele ina kikapu cha waya, nyuma keria pana. Gia ni tatu, zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Taa inawaka kwa dinamo. Stendi yake ni ya miguu miwili, inasimama wima hata ikiwa na mzigo, na kufuli iko kwenye gurudumu lenyewe: unabonyeza chini, unachomoa ufunguo, unaenda zako. Tairi ni 26 kwa 1 3/8. Muuzaji alianza na 260,000, tukaelewana kwa 220,000. Alikuwa nazo kama thelathini zimeegemezwa ukutani, baadhi bado zina vibandiko vya maegesho vya Kijapani kwenye madigadi. Phoenix mpya ya inchi 28 ni ngumu zaidi, wanaobeba mkaa na madumu hawaiachi, lakini ile ina bomba la juu na nguo zangu haziendani nayo.

Tanga imekaa kama iliyopimwa kwa ajili ya baiskeli. Ardhi ni tambarare, na Ngamiani barabara zimenyooka na zina namba, ya kwanza mpaka ya 21. Mteja akikuambia yuko barabara ya 12, unahesabu tu mpaka unafika. Halafu wanawake wa hapa wanaendesha. Utamwona mama wa makamo kavaa buibui lake, kikapuni ana nazi na mchicha, nyuma kampakia mjukuu, na hakuna anayegeuka kumtazama. Mbagala niliishi miaka 16. Kwenye barabara ya Kilwa sikumbuki kumwona mwanamke wa umri wangu juu ya baiskeli, na kwa malori yale hata mimi nisingethubutu.

Nieleze siku yangu ya Dar ilivyokuwa, maana bila hiyo hesabu yangu haitaeleweka. Natoka saa kumi na moja alfajiri ili nipate kiti kwenye daladala, na mara nyingi sikipati. Naingia Kariakoo kama saa moja. Jioni nafunga saa kumi na mbili, nafika nyumbani saa mbili usiku, mama ameshakula peke yake na ameshalala. Saa nne kila siku njiani. Nilikuwa nashona vifungo ndani ya gari nikibahatika kukaa.

Hapa nashonea barazani kwangu, na baiskeli ni ya mizunguko. Soko la Mgandini, dakika sita. Deep Sea kufuata samaki asubuhi, dakika kumi na mbili. Hospitali ya Bombo, kumi na nne. Hiyo nilikwenda kuipima makusudi wiki ya kwanza, kwa ajili ya mama. Kange, ambako mabasi yote huishia, karibu nusu saa nikiwa na mzigo.

Huo mzigo wa Kange ndio mtihani mkubwa wa baiskeli yoyote ya fundi cherehani. Vitambaa vyangu bado vinatoka Kariakoo. Alhamisi natuma pesa na picha ya rangi, Ijumaa mzigo unapandishwa basi la asubuhi, alasiri napigiwa simu nikauchukue. Majora mawili nayalaza kwenye keria kwa urefu, nayafunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, mizunguko minne, fundo chini ya kiti. Mara ya kwanza mbele palikuwa pepesi mno, usukani ukawa unayumba kila nikikata kona. Sasa natia koni za uzi na vitu vizito kwenye kikapu, uzito unajigawa, na ile gia ya kwanza inanipandisha bila kushuka. Kwa majora mawili inafaa kabisa. Matatu nilijaribu mara moja, sitarudia. Spoki mbili zilikatika kabla sijafika nyumbani.

Ubovu wake sasa. Breki ya nyuma inalia. Ni ile ya mkanda unaobana ngoma, na asubuhi yenye unyevu utadhani mtu anachinja mbuzi mtaa mzima. Ikilowa mvua inashika kwa kuchelewa, kwa hiyo masika natembea taratibu na kutegemea ya mbele. Waya wa gia ulikatika mwezi wa tano. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba vipuri vyake vyote anavyo. Nilipokwenda alinionyesha baiskeli nyingine nzima, ninunue. Fundi wangu wa chini ya mwembe ndiye aliyetafuta waya wa baiskeli nyingine, akaukata, akauunga, na mpaka leo unafanya kazi. Pancha anaziba kwa 1,000.

Na kutu. Upepo wa baharini hapa una chumvi, na chuma chochote usichokishughulikia kinageuka rangi. Ndani ya miezi mitatu kikapu kilikuwa cha kahawia. Nilianza kuipaka cheni mafuta ya cherehani, ndiyo niliyokuwa nayo, fundi akaninyang'anya kichupa: "Dada, haya mepesi, yanakimbia na vumbi. Tia oili nzito." Sasa kila Jumapili ya pili naifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha oili. Hata sindano zangu zilishika kutu. Nazihifadhi kwenye kopo lenye punje za mchele mkavu. Anayehamia pwani na cherehani alijue hilo mapema.

Kuna siku niliumia. Ilikuwa barabara ya 9, naelekea kupeleka sare, pindo la buibui likaingia kwenye gurudumu la nyuma. Kava la cheni lipo, lakini upande wa pili spoki ziko wazi. Nguo ilinivuta chini kabla sijajua kinachotokea. Nikajikuta nimekaa lami, kiwiko kinatoka damu, na kitambaa kimejisokota kwenye kitovu kiasi kwamba siwezi kusimama. Muuza kahawa akaweka birika lake chini akaja mbio: "Usivute bibie, usivute!" Akageuza gurudumu kinyumenyume kwa mkono, pole pole, huku mama mmoja aliyetoka ndani amenifunika kwa kanga yake mpaka nguo ikaachia. Sare zilikusanywa na watoto, zote kumi na nane, wakazihesabu mbele yangu. Jioni ile nilikata neti ngumu, nikaishona kwa uzi wa viatu kutoka kwenye madigadi mpaka karibu na kitovu, pande zote mbili, mfano wa feni. Haijanasa tena. Nimeshawashonea wanawake tisa wa mtaani neti kama hiyo, 5,000 kila moja, na mwenye baiskeli anayevaa nguo ndefu namwambia asipande siku hata moja bila hiyo.

Nimeieleza ajali hiyo kwa urefu kwa sababu mama aliyenifunika kanga ndiye huyo huyo anayedaiwa na mimi gauni mbili tangu Idd. Huu ndio mji mdogo. Kariakoo mteja simjui, analipa, anabeba, anaondoka. Hapa mteja ni jirani, jirani ni wifi wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anasali na fundi wa baiskeli. Daftari langu la madeni lina kurasa kumi na moja. Siwezi kumbana mtu aliyemletea mama uji siku tatu mfululizo nilipokuwa nimesafiri. Nimejaribu kuweka utaratibu wa nusu kwanza, wapo wanaoufuata, na wengine wananiambia "Utapata tu, mwanangu," na kweli huwa napata, ila mwezi mwingine.

Pesa zenyewe ni hivi. Kariakoo nilikuwa naingiza kama 950,000 kwa mwezi baada ya vitambaa na uzi. Toa sehemu yangu ya fremu 150,000, kodi ya Mbagala 120,000, nauli na chakula cha mchana kama 115,000. Zinabaki 565,000. Hapa naingiza 580,000 kwa wastani. Gauni la sendofu nililoshona kwa 60,000 kule, hapa likifika 35,000 mteja anaomba muda akafikirie. Natoa kodi 80,000, vyumba viwili na baraza, na kama 45,000 za parseli na safari za Dar. Zinabaki 455,000. Napungukiwa 110,000 kila mwezi. Upande wa pili nimerudishiwa saa nne kwa siku 26, saa 104. Kila saa inanigharimu shilingi elfu moja na kidogo. Nimezungusha hesabu hii mara nyingi usiku, na kila mara naona nimeuziwa kwa bei ya haki. Lakini mimi sina mtoto wa kulipia ada. Fundi mwenzangu mwenye watatu shuleni akiniuliza, siwezi kumwambia aache 110,000 kila mwezi.

Kuna na mambo ambayo hesabu haiyashiki vizuri. Mitindo naiona kwenye simu, imeshachakaa Kariakoo ndipo inaulizwa hapa, na mkono wangu nausikia umeanza kuzoea sare na madera. Rangi kwenye simu hudanganya: niliwahi kuagiza bluu ya sare ikaja nyeusi kidogo kuliko ya shule, nikangoja wiki nzima jora lingine wakati wazazi wako mlangoni na shule zinafunguliwa. Kariakoo ningevuka barabara tu nikabadilishe.

Zito kuliko yote ni kliniki. Mama anahudhuria Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, kila baada ya miezi mitatu. Mbagala kwenda Muhimbili ilikuwa safari ya asubuhi moja. Sasa ni kilomita 350 hivi, tunapita Muheza na Segera, saa sita au saba kitini, na miguu yake inavimba tukiwa hatujafika nusu. Tunalala kwa dada yangu, tunamwona daktari, tunapumzika siku moja, tunarudi. Safari ya mwisho alitapika mara mbili, na mimi nilikaa nimemshika mkono nikijiuliza kama nimemhamisha kwa faida yake au yangu. Kila kitu tunachokihitaji kila siku baiskeli inanifikisha. Hiki cha mara nne kwa mwaka haiwezi.

Yeye mwenyewe ukimuuliza hasiti. Nilimshonea mto wa keria, sponji ya inchi tatu na ngozi bandia juu, na jua likishapungua nampeleka polepole mpaka Raskazone. Anakaa upande, mkono mmoja umenishika kiunoni. Anatazama bahari, anasalimiana na watu ambao mimi bado siwajui majina. Mbagala alikuwa anakaa ndani siku nzima akingoja nirudi.

Kwa anayetaka kununua: nenda asubuhi, mwenye duka hajachoka. Ipindue baiskeli, zungusha magurudumu yote mawili usikilize kama goroli zinakwaruza, badilisha gia zote tatu ukiwa juu yake, washa taa gizani. Kagua chini ya kiti na pale stendi inapofungwa, kutu huanzia huko. Na tenga kama 40,000 za matengenezo ya mwezi wa kwanza. Yangu baiskeli nairidhia, na siiuzi, ingawa nimeshaulizwa mara mbili.

Nafasi yangu kwenye fremu ya Kariakoo nilimwachia binti niliyemfundisha kazi, kwa makubaliano ya mwaka na nusu. Yanaisha Desemba. Juzi amepiga: "Mama, mwenye fremu anataka jina la mwakani, niandike lako au langu?" Nimemwambia anisubiri mpaka Novemba, mama akishatoka kliniki, nione amesafiri vipi.