OPNsense: Live View inaona ya sasa hivi, ya jana usiku je?

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo sifungui boksi na hakuna cha kung'aa mezani. Tunakagua ukurasa mmoja tu ndani ya OPNsense, ule ambao fundi wa mtandao anaukimbilia bosi akipiga simu kuuliza mbona mfumo wa malipo haufunguki. Ukurasa wa logi za fayawoli, yaani kumbukumbu za kile ambacho mlinzi wa mtandao ameruhusu na alichozuia.

Ingia Firewall, halafu Log Files. Utakutana na "Live View", "Overview" na "Plain View". Hukumu natoa mapema nisikuchoshe: Live View ni kazi nzuri kweli, Plain View inaonekana kama imesahaulika, na shida yangu kubwa ni kwamba hizi mbili hazisemezani. Overview ina michoro ya duara. Bosi ataipenda, mpe aangalie, sisi tuendelee.

Kwa mgeni: OPNsense ni fayawoli ya bure ya msimbo huria, inakaa juu ya FreeBSD. Ilianza Januari 2015, kampuni ya Deciso ya Uholanzi ilipochipusha mradi wake kutoka pfSense, na pfSense nayo ilichipuka kutoka m0n0wall mwaka 2004. Anayechuja pakiti (vifurushi vidogo vya data) ndani humo ni programu ya pf, iliyotoka OpenBSD. Hapa naongelea mwonekano uliozoeleka. Kama una toleo jipya kabisa, kitufe kimoja kimoja kinaweza kuwa kimehama.

Haya, tuangalie skrini. Mistari inaingia yenyewe bila wewe kugusa kitu. Ya kijani imeruhusiwa, nyekundu imezuiliwa. Unaona upande, yaani WAN (intaneti) au LAN (mtandao wa ndani), unaona saa, inakotoka, inakokwenda, itifaki, na mwishoni jina la sheria iliyofanya uamuzi. Bofya alama ya maelezo mwisho wa mstari, kinafunguka kidirisha chenye kila kitu hadi TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti bado inaweza kupita).

Kilichonifurahisha ni vichujio. Unachagua poti (namba ya mlango wa huduma) ya kule iendako, unaandika 443, ya tovuti za HTTPS. Unaongeza kingine, IP inakotoka, 192.168.1.50. Hapo hapo imebaki kompyuta ya mhasibu peke yake. Mchanganyiko huo unaweza kuuhifadhi kama kiolezo, wiki ijayo unauita kwa jina. Aliyebuni hapa amewahi kushika simu ya mteja mwenye hasira, inaonekana wazi.

Sasa sikiliza, maana hapa wengi wanadanganyika. Kichujio hicho kinachuja kile ambacho kivinjari chako kimekwisha kupakia. Hakiendi kupekua diski yote. Kwenye ofisi yenye watu wengi mistari inapita kwa kasi, na tukio unalolitafuta huenda lilishasukumwa nje kabla hujamaliza kuandika IP. Unaona ukurasa mtupu, unasema "hakuna kilichozuiliwa", kumbe kilizuiliwa dakika kumi zilizopita. Ukurasa ungeniambia tu "nimetafuta katika mistari hii, kuanzia saa hii", ningeusamehe. Hausemi.

Kinachosukuma mistari hiyo mara nyingi ni kelele. Poti 5353, poti 1900, 137 na 138: printa, televisheni na kompyuta za Windows zinajitangaza kwa majirani mchana kutwa, na sheria ya msingi ya kuzuia inaandika kila tangazo. Dawa ipo leo, huhitaji kungoja toleo jipya. Tengeneza sheria ya kuzuia poti hizo, usiweke tiki ya kuandika logi, basi. Lakini kumbuka na upande wa pili: sheria uliyoitunga mwenyewe haitaonekana hapa kama hukuiwekea tiki hiyo. Na muunganisho ulioruhusiwa unaandikwa mara moja tu, pakiti ya kwanza inapopita. Mtu akipakua filamu nzima, hapa utaona mstari mmoja. Ukitaka kujua nani anamaliza bando, umekuja ofisi siyo.

Kuna boresho moja dogo walilofanya ambalo nalisifu kila nikipata nafasi. Zamani mistari mingi myekundu iliandikwa tu "Default deny rule", yaani sheria ya msingi ya kuzuia. Mafundi walikuwa wanahangaika: nimeruhusu poti 443, mbona bado inazuia? Sasa imeandikwa "Default deny / state violation rule". Maneno mawili yameongezwa na yameokoa usiku wa watu wengi. Yanakwambia kwamba pengine sheria yako haina kosa lolote. Pakiti imefika wakati fayawoli haina tena rekodi ya muunganisho wake. Fungua maelezo uangalie bendera za TCP, herufi zinazoonyesha muunganisho uko hatua gani. Ukikuta S peke yake (ombi jipya la kuunganishwa), hapo kweli kuna mtu anabisha hodi na hana ruhusa. Ukikuta A, au FA (muunganisho uliokwisha kuanza, au unaofungwa), mara nyingi ni simu ya mkononi iliyolala ikaamka na muunganisho uliokwisha kufa, au njia ya kwenda na ya kurudi hazipiti kwenye ruta moja. Sheria mpya haitibu hilo.

Tuje Plain View. Unataka kujua nini kilitokea jana usiku, Live View haikufai, kwa hiyo unakuja huku. Angalia mstari huu, nausoma kama ulivyo: "vtnet0, match, block, in, 4, 0x0, koma, koma, 64". Hiyo ndiyo lugha ya filterlog, programu inayoandika logi hizi: vipande vilivyotenganishwa kwa koma. Hakuna rangi, hakuna safu, hakuna jina la sheria, kuna msimbo mrefu wa herufi na tarakimu badala yake. Unaweza kutafuta neno, sawa. Lakini ukitafuta "50" utaletewa kila kitu chenye hamsini ndani yake, poti, urefu wa pakiti, IP ya jirani. Data ni ile ile, aliyekupa rangi na majina mlango wa kwanza amekunyima mlango wa pili.

Na ukiwa hapo kwenye ya jana, tazama saa. Ukiruka kipengele cha saa wakati wa kusimika, OPNsense inabaki na Etc/UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mteja anakwambia mtandao ulikatika saa tatu asubuhi, wewe unatafuta 09:00 huoni kitu, kwa sababu kwenye logi imeandikwa 06:00. Weka Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi siku ya kwanza.

Logi zenyewe siku hizi ni maandishi ya kawaida, faili moja kwa siku, zinatunzwa siku 31 usipobadilisha. Enzi za clog, mfumo wa zamani wa logi, lilikuwa faili la duara, likijaa linafuta mkia wake. Ila kama umeweka /var/log (folda ya logi) kwenye RAM ili kulinda diski, umeme ukikatika logi imekwenda nao. Tumeni nakala kwenye seva nyingine ya syslog (ya kupokea na kutunza logi), wakubwa, hasa mlio sehemu ambazo umeme unakatika bila taarifa.

Wengine wataniambia pfSense ina alama ya kujumlisha kando ya mstari, ukiibofya inakutungia sheria ya kuruhusu. Ndiyo, na sijaitamani. Mtu mwenye haraka saa nane usiku hapaswi kupewa kitufe hicho.

Ningepewa ombi moja tu kwa watengenezaji, ningesema: wekeni tarehe na saa juu ya Live View, kichujio kikatafute kwenye seva badala ya kivinjari. Na mzigo wake siuoni mkubwa. Msimbo uko GitHub kwa leseni ya BSD, na kuna programu ya Python inaitwa read_log.py ambayo tayari inasoma faili hizo kutoka nyuma, inakata mistari vipande na kuipa majina ya sheria. Kijana wangu unayejua Python na unatafuta mradi wa kuweka kwenye CV, anza kwa kuifungua hiyo, halafu niandikie hapo chini umefika wapi.