Unakwenda kusoma Uingereza? Laini zipi zinafaa, kwa mpangilio wangu

Wiki ya kwanza usisaini mkataba wowote wa simu, hata muuzaji akusihi vipi. Namba ya Uingereza, hata hivyo, ipate mapema: benki, daktari, mwenye nyumba na mwajiri wote wataiuliza.

1. Laini ya kulipia kabla, kifurushi cha siku 30

Hii ndiyo chaguo langu kwa karibu kila mwanafunzi. Majina ya kutafuta ni giffgaff, SMARTY, Lebara na VOXI. Kwa pauni 10 hivi unapata data ya kumtosha mtu mwenye waifai chuoni. Ukichoka nayo, unaacha kulipia, basi. Unainunua dukani bila kitambulisho wala alama za vidole, tofauti kabisa na usajili wetu wa nyumbani.

Kampuni hizi hazina minara yao. giffgaff hutumia minara ya O2, SMARTY ya Three, Lebara na VOXI ya Vodafone. Kwa hiyo chagua mnara kwanza, bei baadaye. Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa huko, wana ukurasa wa kupima mtandao kwa postikodi ya unapoishi. Pia waulize wenyeji wa bweni lako ni mtandao gani unaoshika hadi ndani ya vyumba. Laini ya bei poa inayokulazimisha kusimama dirishani ni hasara.

Ukivutiwa na dakika za kupiga nje, soma orodha ya nchi neno kwa neno. Tanzania na Kenya zinaweza zisiwemo, na WhatsApp itakutosha.

2. Laini ya mwezi mmoja mmoja kutoka kampuni kubwa

EE, O2, Vodafone na Three (hizi mbili za mwisho ziliungana 2025). Kwa kawaida ni ghali zaidi. Nazishauri kwa anayeishi mbali na mji, hasa EE, ambayo mtandao wake umeenea sana vijijini.

3. eSIM ya wasafiri

Ni laini isiyo na kadi, unaipakua kwenye simu yenyewe. Inafaa siku ya kutua, upate ramani na kuwajulisha nyumbani kuwa umefika. Nyingi ni data tupu, hazina namba ya simu, kwa hiyo benki haitakutumia ujumbe humo.

4. Mkataba wa miezi 24 wenye simu

Shahada nyingi za uzamili huko ni mwaka mmoja. Mkataba ni wa miaka miwili. Ukiuvunja, utadaiwa. Isitoshe, kampuni hupekua historia yako ya mikopo, na mgeni hana. Simu inunue kando. Tangu Desemba 2021 kampuni za huko haziruhusiwi kuuza simu zilizofungwa kwa mtandao mmoja. Ukibeba ya kwako kutoka Kariakoo, hakikisha inapiga kupitia 4G, maana mitandao ya 3G imezimwa.

Ukitaka kuhama kampuni na namba yako, tuma neno PAC kwenda 65075, upate msimbo wa kuipa kampuni mpya. Ni bure.

Intaneti ya chumbani mara nyingi imo kwenye kodi ya bweni, na chuoni kuna eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo, ambayo hukubali hata ukitembelea chuo kingine. Mkipanga nyumba na wenzako, tafuteni mkataba wa wanafunzi wa miezi 9. Kubalianeni mapema nani anaandikwa jina, kwa sababu huyo ndiye atakayedaiwa wengine wakihama.

Laini ya nyumbani nayo usiiache ife. M-Pesa na benki yako zimefungwa kwenye namba hiyo, na ikipotea, kuirudisha kunataka vidole vyako mwenyewe. Iweke sehemu ya pili ya simu, uwashe huduma ya nje ya nchi kabla ya kuondoka, na uizimie data isije ikala salio. Kama ndiyo uliyoandikisha kwenye akaunti ya viza ya kielektroniki, ingia ubadilishe namba mara upatapo ya Uingereza, wakati ile ya nyumbani bado inapokea ujumbe.