TAHADHARI: Kuna kishoka anauza "nafasi ya semesta" Korea

Kama una mdogo wako, mtoto au rafiki aliyenogewa na Kikorea, mpelekee hii kabla hajatuma hela. Kuna kishoka anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram ya wanafunzi wetu akiuza "nafasi ya semesta moja" kwenye chuo cha Seoul: usome Kikorea, ukae hosteli, ufanye kazi jioni, tiketi juu yake. Anataka milioni tatu na nusu za Kitanzania, nusu kwanza "ya kushika nafasi". Jina la ukurasa wake silitaji kwa sababu halikai. Kabla ya Korea, ukurasa huohuo na picha zilezile ulikuwa wa kazi za Dubai. Angalieni anachouza.

Niko Seoul semesta hii kupitia chuo changu, ndiyo maana dada mmoja wa Dodoma alinitumia barua yake ya udahili nimwangalizie. Nusu ya kwanza alishalipa. Barua inapendeza kwa kweli: nembo ya chuo ipo, muhuri mwekundu upo, na jina lake limeandikwa kwa herufi za Kikorea. Ila barua pepe ya hiyo "ofisi ya wanafunzi wa kigeni" ni ya Gmail. Vyuo vya huku vina anwani zao, nyingi zinaishia na .ac.kr, na vichache kama Sungkyunkwan vinatumia .edu. Semesta imeandikwa inaanza katikati ya Januari, wakati semesta za vyuo hapa huanza Machi na Septemba; Januari watu wako likizo na baridi inauma mpaka mifupa. Halafu malipo: namba ya simu, jina linalotokea ni la mtu binafsi, na meseji ya kumkumbusha alipe imeandikwa kama zile za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Sasa nieleze mambo yanavyokwenda, maana huyu jamaa anakula kwa sababu watu hawajui. Nafasi ya kubadilishana wanafunzi inatokana na mkataba kati ya chuo chako na chuo cha Korea. Chuo chako ndicho kinachokupendekeza, jina linakwenda, chuo cha huku kinakuandikia barua. Kwa kawaida ada unaendelea kulipa nyumbani kama siku zote, ya Korea hulipi. Hakuna sehemu ambapo ajenti anaingia. Kaulize ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, ile ambayo wengi hatujui hata iko jengo gani. Wakikwambia hawana mkataba na chuo chochote cha Korea, basi kishoka naye hana, hata akuoneshe picha za "waliotangulia" wakiwa na mabegi uwanja wa ndege wa Incheon.

Asiye na mkataba anaweza kuja kwa hela yake kwenye taasisi ya lugha ya chuo. Kwa kawaida ni mihula minne kwa mwaka, kila mmoja wiki 10, saa 20 za darasa kwa wiki, ngazi sita kutoka kujifunza herufi hadi kusoma magazeti. Kwenye vyuo vikubwa vya Seoul muhula mmoja unazidi won (hela ya Korea) milioni 1.5, hapo hujalala wala hujala. Badilisha hizo won ziwe shilingi uone milioni tatu na nusu inabaki nini cha kununulia tiketi.

Kwenye viza ndipo ninapokasirika. Mwanafunzi wa kubadilishana anaingia kwa D-2-6, wa taasisi ya lugha kwa D-4-1. Huyu dada aliambiwa, "Tunakuombea C-3, ukifika utabadilisha." C-3 ni viza ya muda mfupi, mwisho siku 90. Semesta ya chuo ni wiki 16, yaani siku 112. Jamaa anamuuzia mtu semesta ambayo viza yake inaisha kabla ya mitihani! Na hizo kazi za jioni, hata mwenye D-4 anasubiri miezi sita kwanza, kisha aombe kibali uhamiaji. Mwenye C-3 ya matembezi akikutwa anaosha vyombo mgahawani anarudishwa nyumbani, na anaweza kufungiwa kuingia tena. Kishoka hilo halimhusu, yeye keshakula.

Dada alikuwa ameambiwa pia kuwa viza "imefika asilimia tisini". Hakuna viza ya asilimia. Ombi likishapokelewa ubalozini unalifuatilia mwenyewe kwenye visa.go.kr kwa namba ya pasipoti, jina na tarehe ya kuzaliwa. Tulifungua pamoja kwa simu. Hakuna ombi lolote kwa jina lake.

Kishoka ana vibiashara vingine pembeni. Kuna salio la kuazima: anayeomba D-4 kusoma Seoul huonesha won milioni 10 benki, naye anajitolea kukuwekea hela kwenye akaunti siku chache kwa malipo. Maafisa wa viza wanasoma taarifa za benki kila siku, hela iliyoingia juzi wanaiona. Kuna cheti cha TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea, "bila kukaa mtihani", wakati vyeti hivyo vinahakikiwa mtandaoni kwa namba yake. Na sasa anauza fomu za GKS, ufadhili wa serikali ya Korea unaosimamiwa na NIIED, taasisi ya serikali hiyo ya elimu ya kimataifa. Fomu hizo zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Study in Korea, na ufadhili wenyewe kwa kawaida ni wa kusoma shahada nzima, si semesta moja.

Hosteli nayo. Kishoka alimpa dada anwani ya jengo eneo la Sinchon, Seoul, "dakika tano kwa mguu hadi darasani", na akataka kodi ya miezi miwili. Nikaiweka kwenye Naver Map, ramani ya mtandaoni ya huku: kituo cha mafuta. Bweni la chuo unaliomba chuoni baada ya kupata udahili, na malipo yanakwenda kwenye akaunti yenye jina la chuo. Ukikosa bweni, kuna vyumba vidogo vya goshiwon vyenye kitanda na meza, wengi hulipa mwezi kwa mwezi, na unaweza kwenda kukiona ukishafika.

Aliyeshalipa asione aibu, achangamke. Usiyafute yale mazungumzo, piga picha kila kitu, wapigie mtandao wa simu uliotumia hela wazuie kabla haijatolewa, kisha nenda polisi na risiti. Kwa Tanzania namba ya tapeli unairipoti pia kwa meseji kwenda 15040. Mwenye swali la viza na anayejua Kiingereza au Kifaransa anaweza kupiga 1345 akiwa Korea, ni kituo cha uhamiaji cha kuhudumia wageni, ingawa Kiswahili hawana.

Na kama una barua mkononi na huielewi, nitumie picha nikusomee, bure. Funika namba ya pasipoti kwanza.