Kakao ya Kyela na vitonge visivyopikwa: uzoefu wangu

Mwanangu ana miaka sita na ana aleji ya maziwa ya ng'ombe. Tukialikwa siku ya kuzaliwa ya mtoto mwenzake, nilikuwa namfungia vipande vya embe kwenye kikopo, naye anavila huku wenzake wakilamba chokoleti vidoleni. Iliniuma kila mara. Basi miezi mitatu iliyopita nikanunua unga wa kakao kutoka Kyela, mkoani Mbeya, pakiti ya gramu 250 kutoka kwa wasagaji wadogo, ili nimtengenezee vitonge vya tende na kakao.

Kabla yake niliwahi kuchukua kopo lenye picha ya kakao. Nilipofika nyumbani nikasoma maandishi madogo ya nyuma: sukari, unga wa maziwa, kisha kakao. Hiyo ni chokoleti ya kunywa, na kwa mtoto kama wangu ni hatari. Soma nyuma ya kopo kabla hujalipa. Huu wa Kyela una kakao tupu. Rangi yake ni hudhurungi iliyopauka, na ukiulamba mkavu ni mchungu, una uchachu kwa mbali. Nilidhani umeharibika, kumbe punje za kakao huchachushwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa, na ule uchachu husalia.

Vitonge vyenyewe ni rahisi. Nachukua gramu 300 za tende zilizotolewa kokwa, naziloweka kwenye maji ya moto dakika kumi, nachuja vizuri, natwanga kwenye kinu. Blenda yangu ndogo hukwama kwa unato wa tende, kinu hakikwami. Natia kakao vijiko vinne vya chakula, ufuta uliokaangwa nusu kikombe, chumvi kidogo sana na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Nafinyanga, nagaragaza kwenye nazi kavu iliyokunwa, naweka kwenye friji saa moja. Ngano haimo, kwa hiyo hata wifi yangu asiyeruhusiwa gluteni anakula.

Mafuta yalinisumbua. Mwanzoni nilitia vijiko vitatu, vikapendeza vikiwa kwenye friji, lakini mezani vikalegea na kung'aa mafuta. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Dar es Salaam mchana ni nadra kushuka hapo. Kijiko kimoja kinatosha, tende ndiyo inayoshika.

Jambo moja linaninyima raha ya kuwapa alama zote. Niliwauliza wasagaji kama mashine yao husaga kitu kingine, wakanijibu bila kuficha kwamba husaga karanga pia. Nawashukuru kwa ukweli huo, lakini ingepaswa kuandikwa kwenye pakiti. Mwenye aleji ya karanga asiuguse. Mwenye aleji ya ufuta naye aweke mbegu za maboga badala yake. Na mama yangu mwenye kisukari nampa kitonge kimoja tu, maana tende ni sukari hata kama hujamimina sukari.

Jumamosi iliyopita mwanangu alibeba vitonge ishirini kwenye kile kikopo cha maembe. Aliwagawia wenzake kwanza, akala chake cha mwisho akiwa amekaa katikati yao.

Nimeshaagiza pakiti ya pili. Pakiti haifungiki tena ukishaikata, kwa hiyo hamishia unga kwenye chupa kavu yenye kifuniko, la sivyo utafanya madonge.