Filla ya midomo hapa Nyali: mwaniomba nyota, haya basi

Asubuhi imeingia meseji ya kliniki yenu, "dia tupe nyota". Wallahi mna uso mkavu nyie.

Juzi juzi kabla ya harusi ya binamu yangu nkaenda kuweka filla, ile jeli ya kuchomwa kwa sindano mdomo ujae, mdomo wa juu. Daktari ana mkono mwepesi, hilo sitomdhulumu. Lakini hata tuktuk haijafika Kongowea mdomo upande mmoja ushakuwa mweupe kama karatasi mpaka karibu na pua, na maumivu si yale ya sindano, haya yanafukuta. Nkawatumia picha. Tiki za buluu, kimya. Baada ya Adhuhuri ndo najibiwa "ni kuvimba tu dia, weka barafu", nami mjinga nkaweka!! Jirani yetu nesi alivoingia akanibonyeza mdomo akaachia, rangi hairudi, akaitupa ile barafu kwa sinki, akanikanda na taulo la maji ya uvuguvugu huku aniitia tuktuk, rudi kwao saa hii hii.

Nafika na leso mdomoni, msichana wa mapokezi anatafuna jojo, macho kwa simu. "Una apointimenti?" Nkaitoa leso aone, ngozi ishaanza michirizi ya zambarau kama wavu wa samaki. Ati "dadangu urembo ni maumivu, keti hapo." Dakika arubaini nimekaa! Wewe mtoto wewe, nyama yangu inakufa waniambia urembo?

Daktari katoka kwa bahati tu, kuniona uso ukamshuka, akanivuta ndani. Sindano ya kuyeyusha filla, baada ya lisaa nyengine, na aspirini. Akasema filla imeziba mshipa wa damu, ikiachwa ngozi inaoza, na wako waliopofuka kabisa, hasa wakichomwa puani au katikati ya nyusi. Nkasema haya, nyota tatu, manake kuna wachomaji hiyo dawa ya kuyeyusha hata hawaweki.

Lakini ngoja. Mbona hayo hakuniambia kabla ya kunichoma? Karatasi nlipewa nshalala kitandani, "saini hapa tu". Mbili basi.

Natoka, mdomo umelegea kama andazi lililolowa chai, yule yule wa jojo ananisukumia bili, sindano ya kuyeyusha yalipiwa kivyake. Na nkalipa, kwa ile hofu! Nyota moja, tena hiyo ni ya nesi jirani yangu, si yenu.