Dodoso la mwisho wa muhula au maoni ya katikati?

Dodoso la mwisho wa muhula, ambalo wanafunzi humpimia mhadhiri wao, hujazwa chapuchapu: alama 1 hadi 5, kwa kipimo alichokibuni mwanasaikolojia Rensis Likert mwaka 1932. Chuo kinapata wastani wa kuweka kwenye faili. Lakini uchambuzi wa mtafiti Bob Uttl na wenzake, 2017, haukuona uhusiano wa maana kati ya alama hizo na kiasi wanafunzi wanachojifunza. Mhadhiri mcheshi hupeta tu.

Maoni ya wiki ya 6 ni karatasi tupu na maswali mawili: nini kinakusaidia, nini kinakukwamisha? Mmoja anaandika, "Slaidi zinapita kabla sijamaliza kunakili." Wiki inayofuata mwendo unapungua. Ni kweli mwandiko unaweza kumfichua mtu, ila mimi ningechagua haya: aliyelalamika bado yumo darasani.